Plagi za Gari la Mayai

Jumapili, 3 Machi 1996

Limekataa tena. Trei za mayai zimepangwa nyuma, blanketi chini, magunia pembeni, mimi nimeshafunga kitambaa kichwani, napiga stata mpaka betri inaanza kulia. Jirani yangu Nyangi akatoka na mswaki mdomoni, akasema, "Mama Sheila, hii gari yako ni Msabato kukushinda. Wewe umemaliza jana jioni, yeye bado anaabudu." Nilicheka. Nisingecheka ningemrushia yai.

Ikabidi nimwite fundi Obare. Alifungua plagi zote nne, zikatoka nyeusi, zimelowa petroli, akazipanga juu ya jiko langu la makaa mahali pa sufuria ya chai. Zilipokauka akazirudisha, gari likakohoa, likawaka. "Mama, hii injini haipendi mzaha," akasema akinawa mikono. "Ukiiamsha, iende kazi. Na hizi plagi zimechoka. Tafuta zingine." Nikamwambia hata mimi sipendi mzaha. Basi kazi yangu ni plagi.

Homa Bay nilifika mchana. Damaris, mwenye hoteli ninayempelekea mayai kila Jumapili, alikuwa ameshanunua kwa mtu mwingine. Akachukua nusu kwa kunionea huruma. Huruma katika biashara siitaki hata kidogo, lakini ningeyapeleka wapi?

Jioni, baada ya kula, mume wangu akasema lile neno nililokuwa naliogopa. Kuna Maroa, mfanyabiashara wa Isebania, analitaka gari. Atang'oa injini aweke ya Toyota. Nikamwambia Momanyi, Mazda hii nimeinunua kwa jasho langu kutoka kwa yule mpima ardhi wa Macalder, na injini yake ndiyo mali. Ni rotari. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka tu, laini kabisa, ndiyo maana mayai hufika Homa Bay bila ufa. Pick-up ya Okari niliyokuwa nakodi zamani ilinipikia kimanda kuanzia Rongo! Momanyi akasikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, halafu akasema, "Basi tungoje mvua za masika ziishe. Mwisho wa Mei, kama bado linalala Jumapili, liende." Nikasema sawa. Nimesema sawa kwa sababu haliendi popote.

Jumanne, 5 Machi

Duka la spea. Plagi zenyewe za rotari ni za kuagiza kutoka Nairobi, na moja ni bei ya mbuzi. Mimi nahitaji nne. Mwenye duka akanitolea za kawaida, za bei ya kuku. "Plagi ni plagi, mama." Nilikuwa nimebeba moja ya zangu mkobani, nimeifunga kwa leso. Nikazilaza kando kwa kando juu ya kaunta. Ya kwake ncha imechomoza nje. Ya kwangu ncha imejificha ndani ya mdomo wake. Nikainunua hata hivyo, nikampelekea Obare, naye hata hakuishika vizuri. "Rudisha. Ile pembe tatu ikizunguka inapita hapa karibu. Ikigonga hii ncha, siku hiyo hutanunua plagi, utanunua injini." Nikairudisha, na mwenye duka akakasirika kama nimemwibia. Akasirike.

Kwa hivyo natafuta plagi yenye shingo ndefu kama yangu, ncha isiyochomoza, na bei isiyokuwa ya mbuzi. Ipo mahali. Nitaipata.

Ijumaa, 8 Machi

Matayarisho. Maharagwe yamechemka, viatu vimepigwa rangi, Baba Sheila ameosha gari. Jua linazama. Sabato njema.

Jumapili, 10 Machi

Limekataa. Jiko, plagi, Obare. Chai hatukunywa.

Alhamisi, 14 Machi

Nilikwenda Sori, kule ziwani, kununua vumbi la omena, wale dagaa wa kulisha kuku. Gari liliwaka asubuhi bila neno. Siku za kazi halina shida, hata nikizunguka vijiji vyote kukusanya mayai. Ni Jumapili tu linaponiaibisha.

Sori kila mashua kubwa ina injini, na kila injini ina plagi, kwa hivyo nilimtafuta fundi wao. Akanimiminia kiganjani plagi za kila namna, rahisi kabisa, na ncha zimejificha vizuri! Moyo ukaruka. Nikafungua leso yangu. Lo. Shingo fupi, nusu ya yangu. Ikiingia kwangu itabaki shimoni na cheche zake. Nikamwuliza kama hakuna ndefu. Akaniangalia, akaliangalia gari, akasema, "Mama, wewe nunua mashua tu." Watu wa Sori wana mdomo. Nikabeba omena yangu nikaenda zangu.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Maharagwe, viatu, gari. Nikamwuliza Momanyi, "Unaosha gari na mvua inanyesha?" Akasema, "Mvua haioshi. Inamwagia tu."

Jumapili, 17 Machi

Limekataa.

Jumapili, 24 Machi

Limekataa, na mvua juu yake. Obare alikausha plagi chini ya mwavuli wa Nyangi, mimi nikipepea makaa, mayai yakiningoja kama abiria waliolipa nauli. Kutoka Rongo hadi Rodi ni matope matupu. Nilipofika, Damaris alinishika mkono akanikalisha. "Nyaminwa," akasema, na akiniita dada yake kwa Kijaluo najua kuna jambo, "mimi nakupenda sana. Lakini wateja wangu hawanywi chai na sababu. Kuna mtu wa Kisii ananiletea Jumamosi jioni. Nimwambie nini?" Nikamwambia amwambie angoje hadi mwisho wa Mei. Mwisho wa Mei umekuwa kama siku ya kiama.

Momanyi leo alikaa mlangoni asubuhi yote akiniangalia nikihangaika. Tangu apunguzwe kazi ya stoo mwaka jana amekuwa mtu wa kukaa mlangoni. Niliporudi akasema, "Maroa ameniuliza tena." Basi! Hakuuliza hata barabara ilikuwaje. Wakati mwingine nafikiri haumii gari likilala. Nafikiri linamchoma kwa sababu ni langu. Nimeandika, na sifuti.

Ijumaa, 29 Machi

Maharagwe, viatu, gari.

Jumapili, 31 Machi

Limekataa. Nyangi hata hacheki tena.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeipata! Ngoja niandike taratibu.

Nilipita kwa Damaris kuchukua trei tupu. Mdogo wake Elvis, yule anayefanya kazi ya kutega mbung'o kule Lambwe, alikuwa nyuma ya hoteli amefungua pikipiki yake ya serikali. Mkononi ana plagi. Nilimnyang'anya kabla sijamsalimia. "Auntie! Hata habari yako?" Nikafungua leso. Shingo ndefu, sawa na yangu. Nyuzi zile zile. Ncha haijachomoza. Nilizigeuza huku na huku mpaka Elvis akaniuliza kama niko sawa. Pikipiki yake ni ya kuchanganya oili na petroli, kwa hivyo plagi yake imezoea oili, na Obare huniambia injini yangu nayo hulamba oili kidogo. "Hizi zinapatikana wapi?" "Hapa tu mjini, auntie. Kila mtu wa pikipiki anazo." Bei ya kuku. Kuku mdogo! Nimenunua nne, na ya tano ya akiba.

Jumanne, 16 Aprili

Obare alikuwa na wasiwasi, na nilimpenda kwa huo wasiwasi. Hakutaka kupiga stata. Alifunga plagi za pikipiki kwa vidole, kisha akaizungusha injini kwa mkono, polepole, ameinamisha sikio. Akazungusha tena. "Haigusi," akasema. Ndipo tukaliwasha, na likaunguruma vizuri kuliko siku zote nilizokuwa nalo. Obare akaniuliza, "Nani alikuambia habari ya pikipiki?" Nikamwambia leso yangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Momanyi amekwenda Nyamira, amefiwa na shangazi. Nimepiga viatu rangi mwenyewe, vibaya. Maharagwe yameungua kidogo. Gari halikuoshwa.

Jumapili, 21 Aprili

LIMEWAKA. Mara moja! Niligusa ufunguo tu. Nyangi alipiga kigelegele kutoka dirishani na mbwa wote wa Oruba, mtaa wetu hapa Migori, wakabweka. Nilikuwa Homa Bay kabla Damaris hajafungua milango ya mbele, nikakaa kwenye ngazi yake na mayai yangu yote mazima, nikimngoja yeye kwa mara ya kwanza. Akasema, "Uwi! Leo umelala hapa?" Njia nzima ya kurudi niliimba. Plagi za pikipiki, jamani. Bei ya kuku.

Momanyi amerudi jioni, amechoka kwa matanga. Nilimsimulia. Akatabasamu, tabasamu la kweli, akasema, "Pengine Maroa atatafuta lingine." Nilikuwa nimemfikiria vibaya.

Jumapili, 28 Aprili

Limekataa. Siandiki kitu.

Jumanne, 30 Aprili

Obare amezikagua plagi moja moja. Hazina kasoro. Zimelowa tu. "Imekunywa petroli bila kazi," anasema, na yeye mwenyewe anajikuna kichwa. Mvua haikatiki. Choo cha kiwanja kimefurika. Momanyi amemaliza siku tatu hasemi zaidi ya sala ya chakula.

Jumapili, 5 Mei

Limekataa.

Nilikuwa jikoni napuliza makaa wakati wazo lilipoingia, na liliponiingia niliketi chini. Jumapili moja tu gari liliwaka. Jumapili ile Momanyi hakuwepo.

Sitaki kuliandika lakini nitaliandika, maana nikiliacha kichwani litaoza. Nani yuko nyumbani siku nzima? Nani anajua ufunguo unaning'inia kwenye msumari wa mlango? Nani ameongea na Maroa? Nimeishi na mtu huyu tangu nilipokuwa msichana. Ni shemasi. Hawezi kula embe lililodondoka kwa jirani bila kubisha hodi. Na leo nimemwangalia akila ugali wangu nikafikiri, ni wewe. Unaniulia biashara nikikuangalia. Nilitaka kumtupia sahani. Badala yake nikamwongezea mboga.

Sitamwuliza. Nitaona kwa macho yangu.

Ijumaa, 10 Mei

Nilifunga meza yangu sokoni mapema, nikasema naumwa kichwa. Sikwenda nyumbani. Niliingia kwa Nyangi nikajiweka nyuma ya pazia la dirisha lake.

"Unamvizia nani?" akauliza.

"Nyamaza."

"Mume wako?"

"Nyangi, nyamaza."

Akaniletea uji, akakaa kando yangu avizie pia.

Momanyi akatoka na ndoo mbili. Nikasema sasa atafungua boneti. Hakufungua. Alichukua ufunguo, akaliwasha gari, likawaka vizuri, akaliendesha taratibu kutoka mlangoni petu hadi kwenye bomba la maji, kule mwisho wa kiwanja. Akalizima.

"Kwa nini asibebe maji?" nikanong'ona. Siku zote nilidhani hubeba maji.

"Si mwenye nyumba amekataza matope mlangoni? Kila Ijumaa analipeleka huko, halafu analirudisha. Kwani hujui?"

Sikujua. Ijumaa mimi niko sokoni. Nikirudi nakuta gari linang'aa mahali pake, naandika limeoshwa, basi.

Nikamtazama. Kitambaa chake ni shati lake la stoo, lile walilompa kazini, lenye jina lake mfukoni. Alisugua nati za magurudumu kwa mswaki wa zamani. Akafuta vioo kwa gazeti. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akalikunguta blanketi langu la mayai, akalitandika, akalinyoosha kwa kiganja, akaona kuna kunyanzi, akalitandika upya. Alipomaliza akaliwasha tena, akalirudisha mlangoni, akalizima, akafuta usukani, akaingia ndani na ufunguo.

Ndipo maneno ya Obare yakanirudia. Ukiiamsha, iende kazi. Kila Ijumaa mume wangu analiamsha likiwa baridi kabisa, linakunywa petroli ya kuamkia, analizima kabla halijapata joto. Mara mbili! Halafu linakaa Sabato nzima plagi zikiwa zimelowa. Wiki aliyokwenda matangani hakuna aliyeliosha. Plagi zangu hazina kosa. Hata zile za kwanza pengine hazikuwa na kosa.

"Kwani amefanya nini?" Nyangi akaniuliza.

"Ameosha gari," nikasema, nikaanza kulia pale pale na kikombe cha uji mkononi. Niliona aibu mpaka masikio yakachemka. Mtu aliyepoteza kazi ametafuta kazi moja ya kunifanyia, ameifanya kwa moyo wake wote, na mimi nimemwita mwuaji kwa kalamu.

Jua lilikuwa karibu kuzama. Nikanawa uso kwa Nyangi, nikaenda nyumbani. Hatuingii Sabato na maneno.

Jumamosi, 11 Mei

Kanisani. Sikusikia mahubiri.

Jumapili, 12 Mei

Limekataa, na mara hii nilijua litakataa. Nilifungua plagi mwenyewe, nikazipanga jikoni, nikamwita aketi.

"Baba Sheila, si plagi." Nikamweleza yote, kuamsha, kuzima, bomba, baridi. Nilisema polepole, kwa sauti nzuri niliyo nayo. Alichukua plagi moja ikiwa bado ya moto, akaigeuzageuza bila kuonyesha kwamba inamchoma.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni kuliwasha na kulizima."

"Kwa hivyo ni mimi, Rael." Haniiti Rael. "Kila Ijumaa nakuharibia, na kila Jumapili nakaa mlangoni nakuhurumia. Nikaona heri liuzwe upumzike."

Ningenyamaza hapo. Lakini mimi sina dawa, nikamwambia na lile lingine, kwamba nilidhani anafanya makusudi, kwamba nilimvizia kwa Nyangi. Nilitaka kutua mzigo, nikamtwika yeye. Akairudisha plagi kwenye jiko, akaipanga sawa na wenzake. "Hata hivyo Jumapili moja si ushahidi," akasema. "Na mambo ya Maroa niachie mimi." Akaingia ndani.

Ijumaa, 17 Mei

Maharagwe, viatu. Gari lina matope hadi kwenye vitasa. Hakuligusa.

Jumapili, 19 Mei

Limewaka mara moja. Damaris akalizunguka, akasema, "Nyaminwa, leo umelima nalo?" Akanunua trei zote, akasema amemwambia yule mtu wa Kisii asije tena. Ningepaswa kuimba njiani. Sikuimba. Nilikuwa nikiangalia yale matope kwenye kioo.

Jumatano, 22 Mei

Mvua zimekatika, anga jeupe. Maroa ametuma neno kwamba anakuja Ijumaa kwa mpango wa mwisho. Nilimwuliza Momanyi amemjibu nini. "Aje," akasema.

Nimemwambia haliuzwi. Nimemwambia mara mbili. Anaitikia kwa kichwa na kupiga viatu rangi. Siku ya leo si ya viatu.

Ijumaa, 24 Mei

Nilitoka sokoni mbio, kofia ya jua ikaanguka barabarani sikuirudia. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote kwa Maroa, na mengine hayafai mbele ya Sabato.

Maroa alikuwa ameketi mlangoni petu kwenye kiti cha Momanyi, amevaa koti. Nyangi amesimama kwake ameshika ufagio lakini hafagii. Mahali pa gari ni patupu, alama za magurudumu tu kwenye vumbi.

"Liko wapi?" nikamwuliza Maroa.

"Mama, hata mimi nangoja. Nimemkuta akiondoka nalo. Akaniambia, keti."

Nikasimama. Nikafikiri amelipeleka kwa mnunuzi mwingine. Nikafikiri limemlalia njiani. Nilifikiri kila kitu, na Maroa akanisogezea stuli ya Nyangi, nikakataa kuketi.

Halafu nikalisikia. Hakuna gari lingine Migori lenye sauti ile, laini, isiyotikisika. Liliingia kwenye kiwanja, Momanyi usukanini, limejaa vumbi, likatupita sisi wote moja kwa moja hadi kwenye bomba. Akalizima. Akashuka, akachukua ndoo, akalitoa shati lake la stoo begani, akalitia majini.

Maroa akamfuata. Mimi nikamfuata Maroa.

"Bwana Momanyi, tulikubaliana."

"Pole kwa kungoja," Momanyi akasema. "Nimekwenda Kakrao na kurudi. Obare ameniambia lazima lichemke kwanza ndipo lioshwe." Akaanza na kioo cha mbele. "Na gari si langu, bwana. Ningekuambia mapema, lakini nilitaka uje uliangalie likiwa na joto, ujue si bovu la kumlazimu mtu auze. Mwenyewe ni huyu nyuma yako. Mimi huwa naliosha tu."

Maroa aligeuka akaniangalia. Nikatikisa kichwa tu. Akacheka, akasema Wakisii kama sisi ni watu wagumu, akaaga vizuri, akaenda zake.

Nikaivua kanga, nikajifunga kiunoni, nikachukua mswaki wa zamani nikaanza na nati za magurudumu. Momanyi akanitazama kidogo.

"Unaruka nati," akasema. "Hiyo hujaigusa."

Nikairudia. Tulimaliza jua likigusa paa za mabati.

Jumapili, 26 Mei

Limewaka mara moja. Baba Sheila alikuwa kiti cha mbele, na trei moja mapajani.